Mkwe wa Dirisha Namba Mbili

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza, tawi la benki la Masasi, nilivaa viatu vya kuazima. Vilikuwa vya shangazi yangu, vyenye kisigino, na vilinizidi kidogo. Nilitoka kijijini Chiungutwa alfajiri nimekaa nyuma ya baiskeli ya mjomba, viatu nimevikumbatia visiingie vumbi, nikavivaa pale pale mlangoni pa benki huku mlinzi akiniangalia. Akaniuliza nimekuja kuweka au kutoa. Nikamjibu nimekuja kazini. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande, kisha akanifungulia mlango kwa heshima zote, na tangu siku hiyo tukawa marafiki mpaka alipostaafu.

Nawaandikia haya ninyi wajukuu zangu, na wengine wote mnaofungua akaunti kwa kubonyeza simu mkiwa kitandani. Nilikaa dirishani zaidi ya miaka thelathini. Nimeona matapeli wa kila namna, wengine wamevaa suti na wengine kandambili, na nina mengi ya kusema juu yao. Lakini mmoja nampenda kuliko wote, maana alinifundisha kazi yangu, na alitupa kicheko ambacho wazee wenzangu wa Newala bado wanacho.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Karani Mkuu, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Wiki nzima hakunipa kalamu. Alinikalisha kwenye stuli nyuma ya keshia, yaani karani anayepokea na kulipa fedha dirishani, akaniambia nitazame.

“Nitazame nini, mzee?”

“Watu. Kusoma karatasi umefundishwa shuleni. Sasa jifunze kumsoma aliyeishika. Anayekuja kuchukua chake hutazama pesa. Anayekuja kuchukua cha mwenzake hukutazama wewe.”

Niliona ananipotezea muda. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na hamu kubwa ya kugonga mihuri. Lakini nilitazama, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, na mpaka mwisho wa mwezi niliweza kujua kabla mtu hajafungua mdomo kama amekuja kuweka, kutoa, au kukimbia jua tu.

Enzi hizo mteja wa kawaida alikuwa na kitabu cha akiba, kijitabu chenye jalada gumu ambamo kila alichoweka na kila alichotoa kiliandikwa kwa mkono. Sisi ndani tulikuwa na kadi ya sahihi, kipande cha karatasi ngumu alichosaini mteja siku ya kufungua akaunti, kikatunzwa kabatini ili tulinganishe. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Picha hazikuwapo kwenye kadi zetu. Na hapa nawafichulia siri ya kazi: dole gumba hakuna karani aliyeweza kulisoma kwa macho. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa polisi. Sisi tuliangalia kama wino umekolea, kama shahidi amesaini pembeni, kisha tukaitikia kwa kichwa kana kwamba tumesoma kitu.

Baada ya miaka sita, nikiwa na mume na mtoto mmoja, Rehema, nilihamishiwa Newala, juu kabisa kwenye uwanda. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Kabla yake korosho ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Sasa walishuka wanunuzi binafsi na magari yao, wakaja wauza redio na mitumba, wakaja na wale wa hundi hewa, watu wanaokuandikia hundi iliyopigwa mihuri mizuri juu ya akaunti isiyo na kitu. Kila wiki palikuwa na jambo jipya, na sitawadanganya, nilifurahia. Mji ulichangamka. Hata mimi nilinunua viatu vyangu mwenyewe.

Lakini biashara huria ilileta pia uvumi. Ilisemekana benki za umma zitavunjwa, zitauzwa kwa wageni, na vitabu vya akiba vyote vitakufa. Wateja walikuja kuniuliza dirishani, “Mama Rehema, eti mnauzwa?” Nami niliwatania kwamba nikiuzwa nitawaarifu bei. Leo natamani ningewajibu vizuri zaidi, maana mtu akikosa jibu kwa karani wa benki, atalipokea kwa yeyote mwenye mkoba.

Meneja wetu wa Newala alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mpole, mwenye mapenzi makubwa na waraka. Waraka ni barua ya maelekezo kutoka makao makuu, na yeye alizipanga zote kwenye faili kwa rangi. Ukimpelekea jambo lolote, hata kwamba paa linavuja, swali lake la kwanza lilikuwa, “Waraka unasemaje?” Nilimheshimu. Alinichosha pia.

Sasa niwaambie juu ya akina mama wa Makote. Uwanda wetu una kila kitu isipokuwa maji. Mwanamke wa Makote wa siku hizo aliamka kabla ya jogoo, akateremka bondeni na ndoo, akapanga foleni kwenye chemchemi, akapanda mlima na ndoo kichwani, na jua likamkuta njiani. Kikundi chao kiliamua kujenga tangi kubwa la saruji la kukingia maji ya mvua kwenye paa la ghala la kijiji. Waliuza muhogo, walifinyanga vyungu, walibangua korosho za watu, na kila walichopata walikiweka kwetu.

Kuweka hakuhitaji sahihi. Yeyote mwenye kitabu mkononi aliweka. Kwa hiyo walikuja kwa zamu, leo huyu, mwezi ujao yule, na kila aliyekuja alinieleza tangi limefikia wapi. Wakati huo lilikuwa halijafika popote, lilikuwa shimo, lakini kwa maneno yao nililiona limejaa mpaka mdomo. Kutoa ndiko kulikokuwa na masharti. Mweka Hazina alitakiwa afike mwenyewe, na hati ya kutolea fedha, ile fomu unayojaza ukitaka kutoa, iwe tayari na dole la Mwenyekiti. Mweka Hazina wao aliitwa Mama Salima. Alikuwa amefika benki mara moja tu, siku ya kufungua akaunti, kabla mimi sijahamia Newala. Kwa hiyo sura yake sikuijua.

Asubuhi moja ya msimu wa korosho, ukumbi umejaa, walifika dirisha langu, namba mbili, kijana mtanashati wa shati jeupe na mama mtu mzima wa kanga mpya. Kijana alinisalimu vizuri. “Shikamoo, mama.” Nikaitikia marahaba. Akasema huyu ni Mama Salima, Mweka Hazina wa akina mama wa Makote, na yeye ni mkwe wake, amemwoa binti yake, Salima. Saruji imepatikana Masasi kwa bei nzuri, lori linasubiri, wamekuja kutoa zote.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi hata nikampongeza yule mama, naye akatazama chini. Kitabu kilikuwa chenyewe, nilikijua mpaka doa lake la mafuta. Hati ilikuwa na dole la Mwenyekiti. Barua ya utambulisho kutoka kijijini ilikuwapo, na muhuri juu yake. Nikasogeza kidau cha wino ili Mama Salima naye aweke dole lake mbele yangu.

Mama alisitasita. Yule kijana akamshika mkono. Akakichukua kidole gumba cha mama, akakigandamiza kwenye wino, akakipeleka kwenye karatasi, akakizungusha, kisha akatoa leso yake akamfuta wino taratibu, kidole kwa kidole.

Nikakirudisha kidau cha wino upande wangu. Mtu wa mbali atashangaa, ataona ni kijana mwenye adabu anayemsaidia mzee. Lakini kwetu, uwe Mmakonde, uwe Mmakua kama mimi, uwe Myao, mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hamkaribii. Mume wangu mwenyewe, mtu aliyeishi na mama yangu kijiji kimoja kwa miaka, akimwona anakuja njiani aliacha njia, akaingia kwenye mikorosho, akajifanya anatafuta kitu mpaka mama apite. Wakizungumza, alisimama mbali na kuangalia pembeni, na mama akiongea na mti. Hiyo ndiyo heshima. Na mimi hapa namwona mkwe anamfuta mama mkwe wake vidole, mbele ya watu, bila kuona haya.

Nikawaambia leja yao, lile daftari kubwa la akaunti, liko chumba cha ndani, wasubiri kidogo. Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja.

“Meneja, kuna malipo sitaki kuyalipa. Yule kijana si mkwe wa yule mama.”

“Umejuaje?”

“Amemshika mkono.”

Meneja akaweka kalamu chini. “Amemshika mkono.”

“Na akamfuta wino.”

“Mama Rehema. Kitabu ni halisi?”

“Halisi.”

“Hati imejazwa? Dole la Mwenyekiti lipo? Barua ya utambulisho?”

“Vyote vipo.”

“Waraka unasema tuzuie malipo mteja akishikwa mkono?”

“Hausemi. Lakini waraka haukuandikwa Newala.”

Hakukasirika. Alifikiri, na naona alinihurumia. “Vijana wa siku hizi wamesoma, wengine hawazifuati hizo mila. Nikiwarudisha wateja wenye karatasi kamili, wakanunua saruji kwa bei ya juu kesho, nitamjibu nini Mkaguzi wa Ndani? Nakupa robo saa. Ukinionyesha kitu cha kushikika, nitazuia. Usiponionyesha, lipa.”

Robo saa. Nikirudi dirishani niliwaza ndoo za Makote, nikawaza yale maneno ya kila mwezi kuhusu tangi. Kama nimekosea, nitakuwa nimewaaibisha watu wema. Kama sijakosea nikalipa, wale wanawake watateremka bondeni mpaka wazeeke. Nikamkumbuka Karani Mkuu aliponikalisha kwenye stuli. Nikatazama. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kusubiria, bega kwa bega, na yule mama alikuwa akimrekebisha kijana kola.

Hapo ndipo wazo likanijia, na hata leo nikilikumbuka najipongeza mwenyewe. Uani kwetu palikuwa na dada aliyeuza chai na vitumbua kwa wafanyakazi. Nikamwendea nikamwambia alete vikombe viwili na vitumbua vinne. “Kwenye sahani moja,” nikasisitiza. Akaniuliza ni kwa ajili ya nani. Nikamwambia ni kwa mkwe na mama mkwe. Akanitazama kama niliyerukwa na akili. “Sahani moja, Mama Rehema? Unataka kuniletea ugomvi!” Lakini alileta.

Nikaitua sahani katikati ya lile benchi kwa mkono wangu, nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, “Jamani mkwe, samahani kwa kuwachelewesha. Karibuni chai, wewe na mama mkwe wako.”

Ukumbi ulikuwa na wakulima kama thelathini. Nikaona vichwa vinageuka. Kila mtu alikuwa anangoja kijana aruke kutoka kwenye benchi, akimbilie nje, au angalau ageuke ukutani. Mkwe wa kweli asingemeza hata mate.

Huyu akasema, “Ahsante sana, mama, tulikuwa na njaa.” Akachukua kitumbua.

Bibi mmoja wa Kimakonde aliyekuwa mbele ya foleni alijifunika uso kwa kanga. “Yallah! Ntu na nkwewe!” Mwenzake akamwambia anyamaze aone mwisho wake. Kijana anakula. Mama anakula. Wako kwenye raha zao. Chai ilikuwa ya moto, kijana akaungua ulimi, na yule mama, bila kufikiri, akachukua kikombe cha kijana, akaimimina chai kwenye kisosi, akaipuliza, akampa anywe. Kisha akamchagulia kitumbua kikubwa kilichobaki. Kisha, nami nilikuwa nimeegemea dirisha nimeziba mdomo, akashika ncha ya kanga yake, akamfuta mafuta kidevuni, akasema, “Kula pole pole, mwanangu.”

Ukumbi ulilipuka. Wanaume wazima walikaa chini sakafuni kwa kicheko. Yule bibi alifunua uso akapaza sauti, “Huyo si nkwe! Huyo amemzaa!” Mlinzi wetu wa Newala alicheka huku akifunga mlango, na akaufunga vizuri. Meneja akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Akaona benchi, akaona sahani, akamwona mama na kisosi mkononi na kijana mdomo umejaa. Kisha akasema taratibu, “Hata kwetu Ziwa, mkwe hali sahani moja na mama mkwe.” Akaniangalia. “Hiki kinashikika. Zuia malipo.”

Kijana alijaribu kuondoka, lakini mama yake, maana alikuwa mama yake kweli, alimshika shati. Alikuwa analia. “Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia turudi.” Polisi walipokuja walikuta ndani ya mkoba wake vitabu vya akiba vya vijiji vitatu, vimefungwa kwa mpira. Mama yule alikuwa ameletwa kutoka mbali, akiambiwa kwamba mama mkwe wa mwanawe ni mgonjwa hawezi kusafiri, kwa hiyo amsimamie kwa siku moja tu. Alieleza yote bila kuficha, nasi tukamwombea msamaha, akaruhusiwa kurudi kwao. Kijana alikwenda alikostahili kwenda. Mpaka leo nikimwaza yule mama nasikia huruma. Aliumbuliwa na upendo tu.

Meneja alisema kitabu cha Makote tukipeleke sisi wenyewe. Huo ulikuwa uamuzi usio kwenye waraka wowote, nami nilimwambia hivyo, akacheka. Tulikwenda na gari la benki. Mama Salima wa kweli tulimkuta nyuma ya nyumba yake anapepeta. Alipoona gari alikaa chini kabisa, ungo ukamwanguka.

“Nimeua,” alisema kabla hatujamsalimu. “Nimelipoteza tangi la wenzangu.”

Nikampa kitabu chake mkononi. Alikigeuza, akakinusa, akakikumbatia. Nilikaa naye chini, nikamsikiliza, na hivi ndivyo ilivyokuwa. Yule kijana alikuja Makote na mkoba na beji, akajitambulisha kama ofisa wa benki. Alisema benki inauzwa, vitabu vinakufa, kila mwenye kitabu akikabidhi atapewa kadi mpya ya plastiki. Akamwekesha dole kwenye fomu tupu. Akampa risiti. Halafu akamwambia, na hili ndilo neno lililotaka kuwamaliza, “Mama, usiwaambie wenzako. Kadi za kwanza ni chache, zitaleta ugomvi.”

Siku ya pili Salima, binti yake, alisoma ile risiti, akaona muhuri wake ni wa timu ya mpira. Mama Salima alimkataza kusema. Siku tisa alinyamaza. Alikwenda bondeni kuteka maji na wenzake, aliimba nao njiani, naye ndani anaungua. “Ningewaambia nini, Mama Rehema? Kwamba wamemchagua mjinga?”

Jioni ile akina mama walikusanyika ghalani. Mama Salima alisimama mbele yao, akasema yote. Niliogopa kwa ajili yake. Kisha Mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, akasema, “Na mimi niliweka dole. Alinikuta shambani. Akaniambia nisikwambie wewe.” Katibu akasema, “Mimi alichukua kitabu changu cha kwangu mwenyewe.” Akainuka mwingine nyuma, na mwingine. Kila mmoja alikuwa ameibiwa peke yake, na kila mmoja alidhani mjinga wa Makote ni yeye tu. Walitazamana. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, na walipokwisha kucheka walitaka niwasimulie habari ya vitumbua, na nikawasimulia mara nne, na mara ya nne Meneja mwenyewe aliigiza kisosi.

Siku ile ghalani, huku nikiwatania, niliwaambia mambo machache ambayo baadaye nilipita nayo kijiji kwa kijiji, maana Meneja aliniandikia ruhusa. Benki haitumi mtu nyumbani kukusanya vitabu. Dole au sahihi haiwekwi kwenye fomu tupu, hata anayeomba awe ndugu yako. Anayekuharakisha, mwambie arudi kesho, na ukiona kesho hataki, umeshamjua. Na akikuambia usimwambie mtu, hapo hapo toka nje ukamwambie mtu wa kwanza utakayemwona, hata awe anapita na baiskeli.

Tangi lilijengwa. Mvua za kwanza zilipolijaza niliitwa nikanywe. Maji yalikuwa na ladha ya saruji, na nilikunywa vikombe vitatu.

Baada ya Newala nilipelekwa Mtwara, nikarudishwa Masasi nikiwa Mhasibu Msaidizi, nikaishia Karani Mkuu, cheo kile kile cha bosi wangu wa kwanza. Nilishuhudia vitabu vya akiba vikiondoka, kompyuta zikiingia, kadi za plastiki za kweli zikija na namba zao za siri. Niliwakalisha vijana wengi kwenye stuli, wakaniona ninawapotezea muda. Siku ya kuagwa walinipa saa ya ukutani na kitenge, nikacheza mpaka mguu ukauma. Nilikuwa na kazi nzuri. Niliipenda, na sioni aibu kusema kwamba niliiweza.

Ndiyo maana hili la mwisho ni gumu kuliandika. Mwaka wa pili wa kustaafu, nikiwa nyumbani Masasi, simu iliita. Sauti ya kijana, tamu, “Shikamoo, mama. Napiga kutoka kitengo cha usalama cha benki yako. Kadi yako inataka kufungwa, tuihakiki haraka.” Alijua jina langu lote. Alijua tawi nililofanyia kazi. Akasema, “Usimwambie mtu, mama, kwa usalama wako.” Nami, niliyewafundisha vijiji vizima, nilimsomea namba zilizo kwenye kadi, kisha nikamsomea zile za siri. Dakika chache baadaye kiinua mgongo changu kilikuwa kimepunguzwa, na simu yake haikupatikana tena.

Benki niliiarifu siku hiyo hiyo, wakaifunga kadi, na kilichobaki kikaokoka. Lakini nyumbani sikusema. Mume wangu aliniuliza kwa nini sili, nikamwambia ni kichwa. Wiki mbili nilinyamaza. Niliwaza watakavyosema: Mama Rehema wa benki, huyo mjanja, kaibiwa na mtoto wa simu.

Kisha palikuwa na harusi kwa jirani, nasi wanawake tumekaa uani tunachambua mchele. Nilikuwa nimechoka kunyamaza. Nikaweka ungo chini, nikasema, “Jamani, mimi nimetapeliwa. Kwa simu. Namba za siri nimezitaja kwa mdomo wangu mwenyewe.”

Mikono yote ikasimama. Niliinamisha kichwa nikingoja kuchekwa. Mwalimu mstaafu aliyekaa kulia kwangu, mwanamke ninayemheshimu sana, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Alianza kwa shikamoo?”

Nikainua macho. Mkono wake ulikuwa juu, una vumbi la mchele. Nyuma yake palikuwa na mingine mitatu imeinuliwa.